Keki za pakiti: Yaliyomo ndani na siri ya kudumu siku nyingi

KEKI ndogo iliyofungwa kwa karatasi ya plastiki ni miongoni mwa vyakula vinavyoliwa kila siku bila mlaji kuuliza maswali mengi. Huuzwa katika supamaketi, kwenye vioski vya mitaani na katika vituo vya mabasi, na aghalabu haikosekani katika mikoba ya watoto waendao shuleni.

Keki iliyookwa nyumbani huanza kukauka siku ya pili, na isipoliwa upesi huota kuvu kabla ya juma kwisha. Ile ya pakiti, kwa upande mwingine, huweza kukaa rafuni kwa mwezi mzima na bado ikawa laini kana kwamba imetoka jikoni jana.

Tofauti hiyo imezua uvumi si haba. Wapo wanaoshikilia kwamba keki hizo hutiwa dawa kali mithili ya zile za kuhifadhia maiti. Wapo pia wanaodai kwamba haziozi kamwe, hata zikiachwa kwa miaka na mikaka. Madai yote mawili hayana msingi.

Ukweli ni kwamba kinachoidumisha keki ya pakiti hasa ni namna maji yaliyomo ndani yake yalivyodhibitiwa. Dawa ya kuzuia kuvu hutiwa kwa kiasi kidogo mno. Kwa hivyo, mzazi anayeihofia dawa hiyo huenda anakiogopa kilicho kidogo kabisa katika pakiti, huku akivipuuza viungo viwili vilivyo vingi zaidi: sukari na mafuta.

Chimbuko la keki iliyovuma

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni keki ya Kimarekani iitwayo Twinkie. Ilibuniwa mwaka 1930 na James Dewar, aliyekuwa meneja katika kampuni ya uokaji ya Continental Baking, eneo la Schiller Park karibu na jiji la Chicago, jimbo la Illinois.

Dewar aliona kwamba mikebe ya kuokea keki ndogo zilizoliwa pamoja na stroberi ilikaa bure kila msimu wa matunda hayo ulipopita. Akaamua kuitumia kuoka keki ya rangi ya manjano iliyotiwa krimu ya ndizi katikati. Huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na keki mbili ziliuzwa kwa senti tano za Marekani.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipochacha, ndizi ziliadimika nchini humo. Krimu ya vanila ikashika nafasi ya ile ya ndizi, na ndiyo iliyozoeleka hadi leo.

Keki hizo za awali zilidumu siku chache tu. Wasambazaji walilazimika kuyazungukia maduka mara kwa mara ili kuondoa zilizokauka na kuweka mpya. Kwa mwokaji, kila keki iliyorudishwa ilikuwa hasara. Isitoshe, bidhaa inayoharibika upesi haiwezi kusafirishwa mbali, wala kuokwa kwa wingi katika kiwanda kimoja na kulishwa nchi nzima. Haja ya biashara ndiyo iliyowasukuma wenye viwanda kubadilisha mapishi.

Kampuni ya Hostess, iliyokuwa ikitengeneza Twinkie, ilitangaza mnamo Novemba 2012 kwamba ilikuwa ikifunga biashara baada ya mgomo wa waokaji. Takriban wafanyakazi 18,500 walikabiliwa na hatari ya kupoteza ajira. Wawekezaji wengine walizinunua nembo hizo, na Julai 2013 keki zikarejea madukani. Mwaka 2023 kampuni ya J.M. Smucker iliinunua Hostess kwa thamani ya dola bilioni 5.6.

Kabla ya kufungwa kwa kampuni, muda rasmi wa Twinkie kukaa rafuni ulikuwa siku 26 hivi. Ziliporejea mwaka 2013, muda huo ulikuwa siku 45. Kwa hivyo, hata keki iliyosifika kwamba haifi ina tarehe yake ya mwisho, nayo huhesabiwa kwa majuma wala si kwa miaka.

Viungo na kazi ya kila kimoja

Lebo ya Twinkie huorodhesha viungo zaidi ya 30. Mwandishi Mmarekani Steve Ettlinger alichapisha kitabu kizima mwaka 2007 akifuatilia asili ya viungo hivyo, safari iliyomfikisha hadi migodini. Hata hivyo, wingi huo wa majina usimbabaishe mnunuzi. Viungo vingi vina kazi ile ile inayofanywa na yai, siagi au maziwa katika jiko la nyumbani.

Cha kwanza ni unga wa ngano. Unga wa keki hutoka katika ngano laini yenye protini chache, ili keki isiwe ngumu kama mkate. Majina marefu yanayofuata neno unga kwenye lebo huwa ni madini ya chuma, vitamini za kundi B na asidi ya foliki, ambavyo huongezwa kwa manufaa ya afya. Nchini Kenya, uongezaji wa virutubishi katika unga wa ngano na wa mahindi unaopakiwa viwandani ulifanywa kuwa lazima mwaka 2012.

Nchini Marekani, unga wa keki huweza pia kupaushwa kwa gesi ya klorini. Unga wa aina hiyo hustahimili sukari nyingi kuliko uzito wake wenyewe bila keki kuporomoka katikati. Umoja wa Ulaya hauruhusu unga kutiwa klorini.

Cha pili ni sukari, nayo haiji peke yake. Katika Twinkie mna sukari ya kawaida, shira ya mahindi, shira ya mahindi yenye fruktosi nyingi na sukari iitwayo dekstrosi. Marekani hulima mahindi kwa wingi mno, na kuanzia miaka ya 1970 shira yake ilienea katika vyakula vya viwandani kwa sababu ya unafuu wa bei. Shira hizo huwa na faida ya ziada: huvuta na kushika unyevu, hivyo keki haikauki upesi.

Cha tatu ni mafuta. Siagi ina ladha nzuri, lakini takriban asilimia 16 ya uzito wake ni maji, na ndani yake mna mabaki ya maziwa. Viwanda vingi huiacha na kutumia mafuta mgando yatokanayo na mawese, soya au mbegu za pamba, wakati mwingine yakichanganywa na mafuta ya ng'ombe. Haya ni nafuu na hayachachi upesi.

Mayai huwemo, lakini kwa uchache kuliko katika keki ya nyumbani. Kazi ya kiini cha yai ni kuyaunganisha mafuta na maji, ambayo kwa kawaida hayapatani. Kiwandani, kazi hiyo hufanywa na lesithini ya soya pamoja na viunganishi vinavyotengenezwa kwa mafuta, kama vile monogliseridi na polisobeti 60. Manjano ya kiini nayo huigizwa kwa rangi za kutengenezwa.

Krimu ya katikati huwapotosha wengi. Jina lake humfanya mlaji afikirie malai ya maziwa, ilhali malai halisi yangeharibika kwa siku chache nje ya jokofu. Kilichomo kwa kawaida ni mafuta mgando yaliyopigwa pamoja na sukari na maji kidogo, kisha kutiwa harufu ya vanila. Gundi ya selulosi, ambayo hutokana na nyuzi za mimea, huizuia krimu hiyo isiachie maji na kuilowesha keki.

Kinachoumua keki ni magadi soda yakichanganywa na chumvi za fosfeti zenye asidi. Vikikutana na maji na joto hutoa gesi ya kaboni dioksidi, ambayo huacha vitundu vidogo ndani ya keki. Nchini Marekani magadi soda hutengenezwa kutokana na madini ya trona yanayochimbwa jimboni Wyoming. Madini hayo ni sawa na yale yanayopatikana katika Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado.

Maji ndiyo mlango wa uharibifu

Chakula huharibika kwa sababu bakteria, hamira za porini na kuvu hukifanya makao. Viumbe hivyo vidogo haviwezi kuishi bila maji. Lakini si maji yote yaliyomo katika chakula yanayoweza kutumiwa navyo.

Katika miaka ya 1950, mtaalamu wa Australia W. J. Scott alionyesha kwamba jambo la kuzingatia si wingi wa maji katika chakula, bali ni kiasi gani cha maji hayo kilicho huru. Sukari na chumvi huyashika maji na kuyafunga, hata yasiweze kunyonywa na viumbe hao. Kadri sukari inavyozidi, ndivyo maji huru yanavyopungua.

Wataalamu hupima jambo hili kwa kipimo kinachoanzia 0 hadi 1, ambapo maji matupu ni 1. Maziwa na nyama mbichi hukaribia 0.99, na ndiyo maana huharibika upesi. Bakteria wengi hushindwa kukua chini ya 0.91, na kuvu wengi chini ya 0.80. Chini ya 0.60 hakuna kiumbe chochote kiwezacho kuzaana.

Mkate wa kawaida huwa karibu na 0.95. Keki za pakiti hutengenezwa makusudi ziwe chini zaidi, aghalabu kati ya 0.70 na 0.85. Katika kiwango hicho bakteria hawana nafasi, na adui anayesalia ni kuvu wachache wanaostahimili ukavu.

Maarifa haya si mageni katika Afrika Mashariki. Ng'onda wa pwani hudumu kwa sababu chumvi na jua vimelipunguza na kulifunga lile maji la samaki. Nyirinyiri ya wafugaji wa kaskazini mwa Kenya hukaa miezi kwa kuwa nyama hukaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli au mafuta. Halua ya Lamu, Mombasa na Oman huwekwa nje ya jokofu kwa majuma kwa sababu ya sukari na samli nyingi. Asali nayo hudumu miaka bila kutiwa dawa yoyote. Kiwanda cha keki kinafuata kanuni iyo hiyo, ila kwa vipimo vya maabara.

Kihifadhi: Kidogo kuliko inavyodhaniwa

Ili kuwadhibiti kuvu waliosalia, viwanda hutumia kihifadhi. Katika Twinkie hicho ni asidi ya sorbiki. Keki na mikate mingine hutiwa chumvi za asidi hiyo au za asidi ya propioniki. Kwenye lebo zinazotumia nambari badala ya majina, asidi ya sorbiki ni E200, chumvi yake ya potasiamu ni E202, na kalisi propioneti ni E282.

Asidi ya sorbiki ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1859 na mwanakemia Mjerumani A. W. von Hofmann, aliyeitoa katika matunda madogo ya mti wa misitu ya Ulaya. Uwezo wake wa kuzuia kuvu uligunduliwa miaka 80 hivi baadaye. Mwili wa binadamu huivunja kwa njia ile ile unavyovunja asidi nyingine za mafuta. Haihusiani kwa vyovyote na dawa za kuhifadhi maiti.

Sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu asidi hii kuzidi gramu 2 katika kila kilo moja ya keki iliyopakiwa. Keki moja ya Twinkie ina uzito usiofika gramu 40. Hata ingetiwa kihifadhi hadi kufikia kikomo hicho, kingekuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya gramu. Sukari katika keki iyo hiyo ni takriban gramu 16, yaani karibu mara 200 ya kihifadhi.

Kukauka si kuoza

Keki huweza kuwa salama lakini isilike. Huu ni uharibifu wa aina ya pili, nao hauna uhusiano na viumbe wadogo.

Watu wengi hudhani keki au mkate hukakamaa kwa kupoteza maji. Mwaka 1852 mwanasayansi Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alithibitisha kwamba mkate hukakamaa hata ukifungiwa mahali ambapo maji hayawezi kutoka, na kwamba ukipashwa moto hurejelea ulaini wake. Chanzo chake ni wanga. Unapookwa, wanga hunyonya maji na kulainika. Baada ya kupoa, chembe zake huanza kujipanga upya na kushikamana polepole, na kitafunio kikakakamaa.

Monogliseridi zilizotajwa hapo juu hufanya kazi yake ya pili hapa. Hujibana na wanga na kuchelewesha ule mshikamano. Sukari na mafuta pia husaidia. Kwa hivyo, ulaini wa keki iliyokaa majuma matatu si dalili ya sumu wala ya ubichi. Ni matokeo ya kuuzuia wanga usijipange.

Jambo hili pia linaeleza kwa nini jokofu halifai kwa mkate na keki zisizo na malai au jibini. Baridi ya jokofu huuharakisha mshikamano wa wanga. Anayetaka kuhifadhi keki kwa muda mrefu ni heri aigandishe kabisa katika friza, kwa kuwa ubaridi wa barafu huusimamisha.

Kazi ya plastiki

Joto la tanuri huua kuvu na mbegu zake. Keki inapotoka motoni huwa safi. Kuvu huiingia baadaye, kutoka hewani, mikononi mwa wafanyakazi na kwenye mashine za kukatia. Usafi wa chumba cha kupoza na kufungia ndio huamua kama keki itaitimiza tarehe yake.

Keki haina budi kupoa barabara kabla ya kufungwa. Ikifungwa ingali na joto, mvuke hugeuka matone ndani ya plastiki, na hapo palipolowa ndipo kuvu huanzia. Wanunuzi wanaoona unyevu ndani ya pakiti wana haki ya kuwa na shaka.

Plastiki yenyewe huzuia mambo mawili: unyevu wa ndani usitoke, na hewa na vumbi la nje visiingie. Oksijeni ya hewa huyachachusha mafuta na kuyafanya yatoe harufu mbaya. Baadhi ya watengenezaji huiondoa kwa vijifuko vidogo vyenye unga wa chuma, ambavyo vilianza kuuzwa nchini Japani mwaka 1977. Vijifuko hivyo haviliwi, na watoto wanafaa kuonywa.

Uvumi wa keki isiyooza

Visa viwili vya Marekani vinadhihirisha kanuni hizi vizuri.

Mwaka 1976, katika mji wa Blue Hill jimboni Maine, mwalimu wa sayansi aliitoa Twinkie katika pakiti na kuiweka juu ya ubao darasani ili wanafunzi waone ingechukua muda gani kuharibika. Miongo kadhaa baadaye keki hiyo ilikuwa ingalipo shuleni humo, ikiwa imekauka na kumomonyoka lakini bila kuota kuvu. Kisa hicho kiliupa nguvu uvumi kwamba keki hizo haziozi.

Kisa cha pili kinaonyesha kinyume chake. Mwanamume mmoja alinunua Twinkie mwaka 2012 kampuni ilipokuwa ikifungwa, akaziweka katika chumba cha chini ya nyumba yake. Alipozifungua mwaka 2020, moja ilikuwa imesinyaa na kugeuka rangi ya kijivu, na nyingine ilikuwa na doa jeusi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walizichunguza na kufanikiwa kukuza kuvu wa jamii ya Cladosporium kutoka katika ile yenye doa. Kuvu hao ni wa kawaida kabisa na hupatikana hewani majumbani.

Kwa nini keki ya mwaka 1976 ilinusurika ilhali zile za 2012 ziliota kuvu? Ya kwanza haikufungwa, hivyo ilikauka upesi na kuwanyima kuvu maji. Zile nyingine zilibaki na unyevu ndani ya plastiki, na kuvu waliozifikia wakapata maji ya kuwatosha. Kanuni ni ile ile: panapo maji huru, uharibifu hufika hatimaye.

Kinachofaa kutiliwa maanani

Ikiwa kihifadhi si tishio kubwa, basi tahadhari ielekezwe wapi?

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ambayo mtu huipata kwa siku. Likasema kuipunguza hadi asilimia 5 kungekuwa bora zaidi. Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000, hizo ni gramu 50 na gramu 25 mtawalia. Pakiti moja yenye Twinkie mbili ina takriban gramu 30 za sukari. Mtoto mdogo, ambaye mahitaji yake ni machache kuliko ya mtu mzima, huweza kumaliza kiasi chake cha siku kwa pakiti moja na kikombe cha chai yenye sukari.

Kuhusu mafuta, hatari kubwa ilikuwa mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiasi kwa gesi ya hidrojeni. Mafuta hayo huongeza uwezekano wa maradhi ya moyo. Marekani iliamua mwaka 2015 kwamba hayawezi tena kuhesabiwa kuwa salama, na WHO ikazindua mwaka 2018 kampeni ya kuyaondoa duniani. Viwanda vingi vimehamia mawese, ambayo huganda yenyewe bila hidrojeni. Hata hivyo, karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina inayopandisha lehemu mwilini, hivyo si ya kuliwa bila kipimo.

Rangi nazo zimezua mjadala. Utafiti uliofanyiwa watoto mjini Southampton, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2007, ulihusisha mchanganyiko wa rangi kadhaa na kihifadhi cha sodiamu benzoeti na watoto kuzidi utundu. Tangu Julai 2010, vyakula vyenye rangi sita zilizotajwa, zikiwemo tatrazini (E102) na nyekundu E129, sharti viwe na onyo kwenye lebo katika nchi za Umoja wa Ulaya. Rangi hizi mbili ndizo zilizoipa Twinkie manjano yake kwa miaka mingi.

Jinsi ya kuisoma lebo

Kanuni za kuweka lebo kwenye vyakula vya pakiti, zinazotumika Kenya na katika nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki, humtaka mtengenezaji aonyeshe jina la bidhaa, orodha ya viungo, uzito, jina na anwani yake, nambari ya shehena na tarehe. Bidhaa iliyoidhinishwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) huwa na alama ya shirika hilo.

Viungo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo kwa uzito. Sukari ikitangulia unga, mnunuzi anajua anachonunua. Hila ya kutazamiwa ni sukari kugawanywa kwa majina tofauti, kama vile shira, dekstrosi na fruktosi, hivi kwamba kila moja huonekana ndogo ilhali zikijumlishwa huenda zikaupiku unga.

Tarehe nazo zina maana tofauti. Alama ya BB humaanisha kwamba ubora wa bidhaa unadhaminiwa hadi siku hiyo, na baada yake ladha na ulaini huanza kushuka. Alama ya EXP humaanisha kwamba bidhaa haifai tena kuuzwa wala kuliwa. Tarehe iliyokwaruzwa, iliyobandikwa juu ya nyingine, au iliyofutika kwa kidole ni sababu tosha ya kuirudisha keki rafuni.

Fauka ya hayo, tarehe huwekwa kwa kukadiria kwamba bidhaa itatunzwa mahali pakavu pasipo joto jingi. Keki iliyoanikwa juani kwenye kibanda, au iliyokaa katika joto na unyevu wa mwambao, huenda ikaota kuvu au mafuta yake yakachacha kabla ya siku iliyoandikwa. Pakiti iliyotoboka haina tarehe tena, kwa kuwa kinga yake kuu imeondoka.

Nyumbani, pakiti iliyofunguliwa yafaa iliwe ndani ya siku chache au iwekwe katika chombo chenye kifuniko. Keki iliyoota kuvu itupwe yote. Kukata sehemu yenye doa hakutoshi, kwa sababu nyuzi za kuvu hupenya ndani mahali pasipoonekana kwa macho.

Keki ya pakiti, basi, si sumu, wala si chakula cha kutegemewa kila siku. Imetengenezwa ili idumu safarini na rafuni, na sukari nyingi ndiyo gharama ya kudumu huko. Anayeila mara mojamoja hana la kuhofia. Anayeitia katika mkoba wa mtoto kila asubuhi anafaa kwanza kusoma majina matatu ya mwanzo kwenye lebo, kabla ya kuzihangaikia nambari za mwisho.